Kinyozi Hajinyoi: Jawabu kwa Wanaotaka Msomaji Anyamaze

Katika hafla moja ya kuzindua diwani, hapa hapa Unguja, mshairi mwenzetu alisimama akasema maneno yaliyopigiwa makofi. Alisema kuwa siku hizi kumezuka wasomaji wasio na adabu. Mtu hununua kitabu, na badala ya kukisoma hukipekua. Hukaa na kalamu nyekundu akahesabu herufi zilizoruka na nukta zilizokosekana, kisha akamwandikia mtunzi kumpa hesabu yake, mfano wa mwenye duka anayedai deni. "Kitabu kikishatoka kimetoka," alisema. "Msomaji muungwana huliona kosa akalisitiri, kama anavyositiri aibu ya mwenyeji wake." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga.

Nimeandika makala hii ili niyarejeshe makofi yale.

Simtaji mshairi yule, kwa sababu rai ile si yake peke yake. Ni rai ya wengi wetu tunaoandika, ila yeye alikuwa na ujasiri wa kuisema mbele ya kipaza sauti. Wala sidai kuwa mimi ni bora kuliko yeye. Itadhihirika huko mbele kwamba katika kadhia hii mimi ni mkosaji kabla sijawa mlalamikaji. Hoja yangu ni moja tu: msomaji anayempelekea mtunzi habari ya kosa la chapa anamtendea hisani ambayo mtunzi hawezi kujitendea mwenyewe, na mtunzi anayeikataa hisani hiyo kwa jina la adabu, yeye ndiye anayeivunja adabu.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Kosa la chapa si kosa la rai. Msomaji akiniambia kuwa shairi langu halina maana, au kuwa tafsiri yangu imepwaya, hiyo ni tahakiki, na tahakiki ina uwanja wake na watu wake. Ninachokusudia hapa ni jambo dogo zaidi na zito zaidi: herufi iliyoanguka, silabi iliyojirudia, ubeti uliokatwa katikati, mstari wa ukurasa wa 40 uliojikuta katika ukurasa wa 42. Ni tofauti baina ya nilichokiandika na kilichochapwa. Katika hilo msomaji hashindani nami. Yuko upande wangu, ananisaidia kupata nilichokitaka tangu mwanzo.

Wapo wanaosema kuwa herufi moja si kitu, msomaji ataelewa. Huenda katika lugha nyingine herufi iliyoruka ikawa kama chuya katika wali: unaitoa pembeni, unaendelea kula. Katika Kiswahili mara nyingi herufi ndiyo wali wenyewe. Kukanusha kwetu kumekaa katika silabi moja. Ukiiondoa silabi *si* katika *usiibe* umemwamrisha mtu aibe. Ukiandika katika wasifu wa marehemu kuwa aliishi na *dini*, na mchapaji akaweka *deni*, umewatia warithi wake katika fadhaa. *Mahari* na *mahali*, *fahari* na *fahali*, *jina* na *jino*: kila jozi imetenganishwa na herufi moja tu, na maneno yote mawili ni maneno sahihi, hivyo jicho hupita juu yake bila ya kushituka. Hili ndilo kosa baya kupita yote, kwa kuwa limevaa nguo za usahihi.

Katika ushairi hasara huwa maradufu. Utenzi una mizani 8 kwa kila mshororo. Shairi lililozoeleka lina mizani 16, 8 kwa 8. Herufi ikianguka, maana imeanguka na mizani imeanguka pamoja nayo. Msomaji asiyemjua mtunzi hatasema "huyu mchapaji kateleza", atasema "huyu hajui arudhi." Na mwanafunzi wa skuli, ambaye kitabu kwake ni hoja, atauiga mshororo mbovu akidhani ndivyo mishororo inavyotungwa.

Sasa nije kwangu. Mwaka 2006 nilichapisha diwani yangu ya kwanza. Mlikuwamo utenzi mfupi niliomtungia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, siku alipopanda boti kwenda Dar es Salaam kusomea uuguzi. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, na dada yangu alimlea kwa kuuza vitumbua, nasi ndugu tukichangia kwa tulichonacho. Ubeti wa mwisho niliuandika hivi:

Tumemlea kwa taa
Kwa wali na kwa dagaa
Mwana huyu atafaa
Mola mpe usalama

Kitabuni, mshororo wa tatu ulitoka hivi: *Mwana huyu atafa*. Herufi moja, ile *a* ya mwisho. Mizani 8 imekuwa 7, kina kimevunjika, na dua ya mjomba imegeuka kuwa utabiri wa mauti.

Miezi michache baadaye nilipokea bahasha kutoka Pemba. Aliyeniandikia alikuwa mwalimu mstaafu ambaye sikuwa nikimjua. Alianza kwa salamu, akanishukuru kwa tungo zangu, kisha akaambatanisha karatasi mbili zilizopigwa mistari kwa rula: ukurasa, ubeti, kilichochapwa, na anachodhani nilikikusudia. Yalikuwa makosa 41. La kwanza katika orodha yake, ingawa kitabuni lilikuwa ukurasa wa 63, ni hilo la *atafa*. Pembeni aliandika: "Hili nimelitanguliza, Maalim, kwa sababu ni dua."

Nilisoma nusu ya karatasi, hasira zikanipanda. Mimi sikusoma chuo. Arudhi niliipata kwa kukaa chini ya wazee, na Kiingereza ninachofasiria nilikiokota katika kamusi chakavu, neno baada ya neno. Mtu wa namna yangu akioneshwa kosa la herufi haoni herufi. Huuona mlango wa darasa aliofungiwa zamani. Nikaitia bahasha ile katika mtoto wa meza. Sikujibu. Mwaka 2011 kitabu kilipotakiwa tena, mchapishaji aliniuliza kama nina masahihisho yoyote. Nikamwambia sina.

Chapa ya pili ndiyo iliyoingia nyumbani kwa dada yangu. Yeye macho yamempungua, hivyo mjukuu wake alimsomea kwa sauti barazani. Walipofika kwenye ubeti ule alimwambia arudie. Kisha akanipigia simu, akaniuliza neno moja tu: "Kaka, mwanangu umemwombea nini?"

Mpwa wangu yu hai, alhamdulillahi, na ni muuguzi mpaka leo. Lakini kwa swali lile sikuwa na jibu, kwani jibu lilikuwa limelala katika mtoto wa meza yangu kwa miaka 5. Kosa la chapa ya kwanza lilikuwa la mchapaji. Kosa la chapa ya pili lilikuwa langu.

Wenzetu wanaodai kuwa kumwonesha mtunzi kosa ni ufidhuli mpya, hawajatazama nyuma. Kabla ya mashine za chapa kutufikia, maandishi yetu yalikwenda kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na herufi zile hazikutosha kwa sauti zote za Kiswahili. Katika hati za zamani herufi moja ya *ba* iliweza kusomwa *b*, au *p*, au *mb*. Nukta moja ikiongezeka au ikipungua, neno limekuwa jingine. Wanavyuoni waliyaita makosa ya namna hii *tas-hifi*, na waliyatungia vitabu vizima, hasa katika elimu ya Hadithi, ambako jina la mpokezi likikosewa nukta amekuwa mtu mwingine.

Walifanya nini kwa ajili hiyo? Hawakunyamaza kwa kusitiriana. Waliweka utaratibu wa mukabala, yaani kuilinganisha nakala na asili yake, mmoja akisoma na mwengine akifuatilia. Neno lililosahauliwa liliandikwa pambizoni, na mbele yake likatiwa neno *sahha*, kuwa hili limethibiti. Ukiifungua hati ya zamani ukaona pambizo zimejaa, usidhani ni chafu. Hiyo ndiyo iliyosomwa na watu makini.

Imepokewa kuwa Al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafi, alimsomea mwalimu wake kitabu chake cha *Risala* mara 80, na kila mara walikuta kosa. Imamu hakumwambia mwanafunzi wake kuwa hana adabu. Imepokewa kwamba alisema Mwenyezi Mungu amekataa kiwepo kitabu kilichosalimika isipokuwa Chake. Sisi tunaojinasibu na madhehebu yake hapa visiwani tumeichukua sala yake na saumu yake, hatukuichukua subira yake mbele ya kalamu ya mwanafunzi.

Na watunzi wetu wa tenzi, wengi wao, wanapofika kwenye tamati hutaja jina lao, huomba dua, kisha humtaka msomaji akiona palipopungua aongeze na palipokosewa atengeneze. Mlango ule waliufungua wao wenyewe, ndani ya tungo zenyewe, kwa unyenyekevu uliokuwa sehemu ya fani. Huyo anayetuambia kuwa msomaji muungwana husitiri, ameipata wapi desturi yake? Si kwa wazee wetu.

Mtazameni Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilihifadhiwa kwa vichwa vya watu na kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyezikusanya pamoja na William Taylor, na diwani yake haikuchapishwa mpaka 1940, miaka 100 baada ya kifo chake. Muyaka hakupata nafasi ya kuisoma karatasi hata moja kabla haijapigwa chapa. Kila anayemsoma leo analazimika kujiuliza: hili ni neno lake, au la aliyehifadhi, au la aliyenakili, au la aliyechapa? Sisi tuliomo duniani, tunaoweza kuulizwa na tukajibu, tunamkasirikia anayetuuliza.

Wala si kwetu tu. Mwaka 1631 wachapaji wa mfalme huko London, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo katika Amri Kumi neno la kukanusha lilianguka, na amri ya kukataza zinaa ikawa ya kuamrisha. Walitozwa faini ya pauni 300 na wakanyang'anywa leseni. Hicho ni kisa cha adhabu. Kipo pia kisa cha shukrani. Donald Knuth wa Marekani, bingwa wa elimu ya kompyuta, ambaye juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikuu ilitoka mwaka 1968, aliweka ahadi ya kumlipa dola 2 na senti 56 kila wa kwanza kumwonesha kosa lolote katika vitabu vyake, hata la herufi. Aliandika hundi kwa mkono wake kwa miaka mingi, na wengi walioipata hawakwenda benki. Waliitia katika fremu wakaitundika ukutani. Mwaka 2008 aliacha kutoa hundi za kweli, kwa kuwa picha zake zilizotawanywa zilifungua mlango wa wizi wa fedha, lakini shukrani hakuiacha: alianza kutoa hati za benki ya kubuni. Mtu yule hakupungukiwa na heshima. Vitabu vyake vimezidi kuaminika, kwa sababu kila anayevisoma anajua kuwa macho ya maelfu yamepita humo na kwamba mwenyewe aliyataka yapite.

Na tusisingizie kuwa hayo ni mambo ya wataalamu wa mbali. Mwaka 1963 Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la *Julius Caezar*. Mwaka 1969 aliitoa tena ikiwa imerekebishwa, na hata jina la jaladani likabadilika kuwa *Juliasi Kaizari*. Mkuu wa nchi, aliye na shughuli ambazo mimi na wewe hatuna, aliirudia kazi yake mbele ya macho ya watu wote. Sisi wenye diwani za kurasa 80 tunasema kikishatoka kimetoka.

Nizijibu sasa hoja za upande wa pili, moja baada ya moja.

Wanasema: kazi ya kusahihisha ni ya mchapishaji, si ya msomaji. Kweli, na mchapishaji asiyemlipa msoma prufu anastahiki lawama zake. Lakini tazama mswada unavyosafiri. Diwani yangu niliiandika kwa mkono, kijana mmoja akaichapa kwenye kompyuta, mwengine akaipanga katika kurasa, kiwanda kikachapa. Kila mkono uliogusa uliondoa kitu na ukaacha kitu. Kompyuta nayo, aghalabu imepangwa kwa Kiingereza, hutia mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, hata jicho likazoea wekundu na lisione tena kosa. Mbaya zaidi ni pale inaposahihisha bila ya kuulizwa. Mshairi akiandika *nuru i wapi*, ile *i* iliyosimama peke yake hugeuzwa kuwa herufi kubwa, kwa kuwa kwa Waingereza *I* maana yake ni "mimi". Hayo yote hupita mbele ya mtunzi, na mtunzi hayaoni. Kwa nini? Kwa sababu yeye hakisomi kilichoandikwa, anasoma anachokikumbuka. Nilipousoma ubeti ule wa mpwa wangu kabla haujachapwa, naapa nililiona neno *atafaa*. Kinyozi hajinyoi. Mtu wa pekee anayekisoma kitabu kama kilivyo ni yule asiyejua kilikusudiwa kuwaje.

Wanasema: akumulikaye mchana, usiku hukuchoma. Methali ni ya kweli, lakini imewekwa mahali si pake. Anayekumulika mchana ni yule anayekutia mwanga usiouhitaji, mbele za watu, ili uonekane wewe na aonekane yeye. Mwalimu wa Pemba alinimulika gizani, kwenye shimo nisiloliona, kwa bahasha iliyofungwa na gundi. Wahenga haohao walisema mficha uchi hazai, na wakasema mgeni njoo mwenyeji apone. Msomaji ni mgeni katika nyumba ya mtunzi. Akiona paa linavuja, je, aibu ni kumwambia mwenyeji, au ni kuaga kwa tabasamu huku ukijua kuwa usiku mvua itamnyea?

Wanasema: kitabu kimekwishachapwa, habari ya kosa inafaa nini? Inafaa kwa chapa ijayo. Inafaa kwa mwalimu anayetaka kujua afundishe nini darasani. Inafaa kwa mkusanyaji wa diwani za pamoja atakayeunakili ubeti wako utakapokuwa kaburini. Na ikiwa hakuna chapa ijayo, inafaa kwa nakala moja ya mtunzi, iliyosahihishwa kwa mkono wake, ambayo watoto wake wataikuta. Muyaka hakuacha nakala kama hiyo. Tusijifanye hatuna karatasi.

Lakini sitaki kumpamba msomaji kuliko anavyostahiki. Wapo wasomaji ambao mshairi yule aliwalenga kwa haki. Yupo anayelisubiri kosa kama paka anavyosubiri shimoni. Akilipata hamwambii mtunzi, bali huwaambia watu wote isipokuwa mtunzi. Huyo hasahihishi, anatangaza. Yupo pia asiyejua tofauti baina ya kosa na lahaja. Niliwahi kutumiwa orodha ambayo ndani yake *mato* yamesahihishwa kuwa *macho*, *kutinda* kuwa *kuchinja*, na *ndoo* ya kumwita mtu ije karibu imesahihishwa kuwa *njoo*, katika shairi lililotungwa kwa lafudhi ya Kimvita. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, hazikufutwa lahaja nyengine, na mshairi ana haki nazo zote. Vilevile fani yetu ina ruhusa zake: inkisari, neno linapofupishwa lienee katika mizani, mazida, linaporefushwa, tabdila, sauti inapobadilishwa kwa ajili ya kina. Kabla hujaita kosa, hesabu mizani. Ikiwa neno lisilo la kawaida limezikamilisha, huenda mtunzi alilitia kwa makusudi. Ikiwa limezivunja, chukua kalamu.

Adabu ya kazi hii basi si ngumu. Mwandikie mtunzi mwenyewe, au mchapishaji wake, kabla hujamwambia jirani. Taja chapa na mwaka, kwani pengine kosa limekwisha kuondolewa. Taja ukurasa na ubeti. Andika kilichopo, kisha andika unachodhani kilikusudiwa, na useme "nadhani". Usichanganye kosa la chapa na rai yako juu ya tungo. Hayo ni maongezi mawili, na la pili likitiwa ndani ya la kwanza huliua. Mwalimu yule aliyatimiza yote haya bila ya kufundishwa na mtu. Kama alinikera, si kwa kukosa adabu yeye. Ni kwa kukosa adabu mimi.

Kwa watunzi wenzangu ninalo neno kali zaidi. Tunalalamika kila siku kuwa watu wetu hawasomi. Tunaandika makala juu yake, tunaitisha makongamano juu yake. Kisha anatokea mtu mmoja aliyetusoma kutoka jalada hadi jalada, akapima mizani zetu kwa vidole, akanunua bahasha na stempu kwa pesa ya kiinua mgongo chake, nasi tunamwita mpekuzi. Tunataka wasomaji, au tunataka wanunuzi? Anayetaka makofi tu na aitishe hafla, kitabu hakimfai.

Na kwa wachapishaji: wekeni anwani ndani ya kitabu, si ya duka, bali ya kupelekewa masahihisho. Wekeni jalada moja ofisini kwa kila kitabu, mkusanye humo kila kinachofika, na msimpelekee mtunzi swali la "una masahihisho?" kwa mdomo, akajibu kwa kiburi kama nilivyojibu mimi. Mpelekeeni jalada. Chapa ikiwa bado ghalani, tieni karatasi moja ya masahihisho ndani ya kila nakala iliyobaki; gharama yake haifiki bei ya chai na sambusa za hafla ya uzinduzi. Na chapa mpya ikitoka, waliosaidia watajwe.

Mwaka 2012 nilivuka kwenda Pemba. Nilishuka Mkoani, nikapanda gari mpaka Chake Chake, nikauliza nyumba. Mwalimu alinipokea kwa kahawa na halua, akanisikiliza mpaka nikamaliza kuomba radhi. Hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na chapa ya pili mkononi, imejaa vipande vya karatasi vilivyochomoza kama ndimi.

"Yale 41 yamebaki yote, Maalim," akasema. "Na humu yamezidi 6."

Tulikaa mpaka adhana ya alasiri. Matatu kati ya yale 6 nilimbishia, nikamshinda katika moja. Chapa ya tatu inaandaliwa sasa, na karatasi zake ziko mbele yangu juu ya meza, si ndani yake. Ubeti wa mpwa wangu nimeusahihisha wa kwanza, nikampelekea dada yangu ukurasa ule peke yake, akausikia, akasema, "Haya. Sasa itikia amina." Mwalimu amekataa jina lake lisitiwe kitabuni, ndiyo maana halimo hapa pia, amesema inatosha kuwa herufi zimerudi mahali pake.

Nawe ndugu msomaji, ukiona katika kurasa hizi palipoanguka herufi, niandikie. Bahasha nitaifungua.